WATOTO WANATUULIZA HABARI ZA BABU ZAO: TUWAJIBU NINI?



Katika mikutano ya matawi yetu tumesikia neno moja likirudiwa na wazazi, wanaume kwa wanawake, na neno hilo si mshahara wala si marupurupu ya nyumba. Ni kazi ya shule ya watoto wadogo. Mtoto wa Gredi ya 2 au ya 3 anarudi jioni na karatasi mkononi. Ameambiwa na mwalimu wake: waulize wazazi majina ya babu na nyanya, walizaliwa wapi, walifanya kazi gani, kisha uchore mti wa ukoo wenu na uulete Jumatatu. Baba anajitayarisha kwenda zamu ya usiku. Mama ameingia sasa hivi kutoka kiwandani na miguu yamuuma. Karatasi inawekwa juu ya meza, na watu wazima wawili wenye akili zao wanaiogopa kuliko barua ya kuachishwa kazi.

Wengine walisema mikutanoni kwamba huu ni usumbufu mtupu, ya kuwa mwalimu analipwa afundishe naye anamrudishia mzazi kazi yake. Wengine walilalamikia gharama. Lakini ndugu mmoja, mtu mzima, alisimama akasema maneno ambayo hayajatutoka masikioni: "Mimi nimwambie nini huyu mtoto? Babu yake alikuwa boi wa Mzungu. Niandike hivyo?"

Sisi twasema ndiyo, andika hivyo. Na katika karatasi hii twataka kueleza kwa nini, maana jambo hili si dogo kama linavyoonekana.

Habari ya gharama tuimalize upesi. Mti wa ukoo hauhitaji kuchapwa kwa rangi katika duka la kompyuta. Kipande cha katoni na penseli vyatosha. Mwalimu anayempa alama mtoto wa karatasi inayong'aa na kumnyima yule wa katoni anapima mfuko wa mzazi, wala hapimi akili ya mtoto, na jambo hilo wazazi wana haki ya kumwambia kwa adabu katika mkutano wa shule. Tena tukumbuke kwamba mwalimu naye ni mfanya kazi kama sisi, ana chama chake tangu mwaka 1957, na darasa lake limejaa watoto kupita kiasi. Tusimgeuze adui. Basi, hayo yamekwisha.

Lenye uzito ni swali lenyewe. Tangu mtaala mpya wa umilisi ulipoanza katika shule zote mwaka 2019, watoto wadogo hawaanzi tena na mambo ya mbali. Wanaanza na nyumbani kwao, watu wa nyumbani, jirani, soko, shule yenyewe. Wakifika Gredi ya 4 wanasoma habari za kaunti yao, kisha nchi ya Kenya, kisha nchi zinazotuzunguka. Twaona mpango huu ni mzuri. Wazee wetu waliosoma kabla ya mwaka 1963 walifundishwa kana kwamba nchi hii haikuwako mpaka mgeni alipoiona. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848. Mtoto wa Kichaga aliyekuwa ameuona mlima ule kila asubuhi tangu azaliwe hakuhesabiwa kuwa ameuona. Kwa hiyo leo mwalimu anapomwambia mtoto, nenda kaanze na nyanya yako, hilo ni jambo ambalo wazee wale wangelifurahia.

Lakini njia hiyo ina shimo katikati, na shimo lenyewe ndiko tuliko sisi. Katika vitabu ambavyo watoto wetu wanatuletea tufungue pamoja nao, habari huanza na nyanya jikoni anayesimulia hadithi, kisha kwa ghafula tunaruka hadi kwa machifu, wafalme, magavana na waheshimiwa wa Uhuru. Baina ya nyanya na waheshimiwa hao hakuna mtu. Nani aliyejenga? Nani aliyebeba? Nani aliyepika, aliyechuma, aliyepakua mizigo melini? Mtoto anaweza kumaliza shule ya msingi akidhani reli ilijijenga.

Chukueni reli kuwa mfano. Kila mtoto anazijua habari za simba wa Tsavo wa mwaka 1898, waliokula watu mpaka kazi ya daraja ikasimama. Ni hadithi tamu, hatukatai, na watoto wanapenda simba. Lakini reli ile ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali palipokuwa baadaye mji wa Nairobi mwaka 1899, na ikafika Ziwa mwaka 1901, na kazi hiyo ilifanywa na Wahindi wapatao 32,000 walioletwa kwa mkataba, pamoja na Waafrika wa pwani na wa bara. Wahindi karibu 2,500 walikufa. Walio wengi hawakuliwa na simba. Waliuawa na malaria, kuhara, jua, na ajali za kazi. Simba wawili wanajulikana dunia nzima, na ngozi zao zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Chicago. Watu 2,500 hawana hata hadithi moja darasani. Na wajukuu wa waliobaki hai ni watoto wanaokaa dawati moja na watoto wetu.

Sasa turudi kwa yule babu aliyeitwa boi.

Neno "boi" lilikuwa neno la dharau. Mtu wa miaka 50, mwenye wake na watoto, mwenye heshima ya kiti katika baraza la kwao, aliitwa mtoto na mtoto wa tajiri wake. Lakini aibu ya neno ni ya mwenye kulitamka, haimshiki aliyeitwa. Yule mzee alikuwa mpishi. Aliweza kuoka mkate katika jiko la kuni bila kipimo, alijua lugha tatu, alikaa katika chumba kimoja nyuma ya nyumba kubwa, na kwa mshahara wa shilingi chache kila mwezi alilipa kodi ya kichwa, akanunua blanketi, na akamsomesha mwanawe mmoja mpaka darasa la nne. Kama mtoto huyo hakufika darasa la nne, mzazi wa leo asingeweza kusoma hiyo karatasi ya shule. Hayo ndiyo ya kuandika katika mti wa ukoo. "Babu alikuwa mpishi Nairobi." Maneno manne, na kila mojawapo ni la kweli.

Na kama bado kuna shaka, tafuteni kipande. Vijana wengi leo hukiita kitambulisho chao kipande bila kujua neno hilo limetoka wapi. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu mara baada ya Vita Vikuu vya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kuwa na karatasi yenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake, na juu yake tajiri aliandika siku aliyomwajiri, mshahara wake, na siku aliyomwacha. Karatasi iliwekwa ndani ya kikopo cha chuma, kikafungwa kwa kamba, kikaning'inizwa shingoni. Aliyeacha kazi bila tajiri kutia sahihi alikuwa mhalifu, akatafutwa na polisi. Mzee mmoja wa chama chetu alikuwa akisema kwamba mbuzi nao walifungwa kengele, lakini kengele ya mbuzi haikuwa na jina la mwenyewe. Kwa ajili ya kipande, kodi, na kukatwa mishahara, watu walimfuata Harry Thuku. Na alipokamatwa, wafanya kazi wa Nairobi waliacha kazi, wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi tarehe 16 Machi 1922. Mwanamke mmoja, Muthoni wa Nyanjiru, aliwakemea wanaume waliotaka kurudi nyuma. Polisi walipiga risasi, na yeye ni miongoni mwa waliokufa.

Zipo nyumba ambazo kile kikopo cha chuma kingali kimewekwa, pengine ndani ya sanduku la nyanya, pengine kinatiwa sindano na vifungo. Twasema kitoeni. Mtoto wa miaka minane hawezi kuelewa neno "ukoloni" hata ukilirudia mara kumi. Mpe kikopo akishike, akipime uzito, akiweke shingoni kwa dakika tano, kisha umwambie babu wa babu yake alikivaa kwa miaka mingi. Ataelewa. Na tazameni maajabu: karatasi ile iliyoandikwa ili kumfunga mtu ndiyo mara nyingi barua pekee iliyobaki yenye jina lake na alama ya kidole chake. Waliiandika kwa faida yao, nasi twaweza kuisoma kwa faida yetu.

Ndugu wengine wanatuambia, haya ni mazito, watoto wadogo wasiambiwe habari za migomo na risasi. Twakubali nusu. Mtoto wa Gredi ya 1 haambiwi habari za maiti. Lakini mtoto wa Gredi ya 1 anajua sana maana ya haki. Mgawieni andazi na ndugu yake, mmoja apate kubwa na mwingine dogo, mtaona kama hajui. Mwambie basi kwamba wapakuzi wa bandari ya Mombasa walikuwa wakifanya kazi ngumu kwa malipo madogo, na mwaka 1947, mwezi wa Januari, watu wapatao 15,000 wa mji ule wakakubaliana wote kusimamisha kazi siku moja, wapishi, makarani, wachukuzi na watu wa reli. Mwambie walikutana kila siku katika uwanja ambao wenyewe waliupa jina Kiwanja cha Maskini. Mwambie waligoma karibu wiki mbili, mishahara ikapandishwa. Na kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule akapelekwa mbali, Baringo, asionane na wenzake kwa miaka mingi. Hakuna neno hapo la kumnyima mtoto usingizi. Akiwa mkubwa atasoma yaliyobaki.

Mashairi ya darasani humwomba mtoto aipende nchi yake. Vizuri. Lakini nchi ni pale anapokanyaga. Mtoto anayeishi Kariokor, Nairobi, ajue jina hilo ni la wapagazi wa Vita vya 1914 hadi 1918, waliochukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi mpaka ndani ya Tanganyika, na wengi wakafa njiani kwa njaa na maradhi. Sanamu yao iko Kenyatta Avenue tangu mwaka 1928, watu watatu wa shaba nyeusi, na chini yake maneno yamechongwa kwa Kiswahili pia, yakiahidi kwamba wana wao watawakumbuka. Jina la mtu hata mmoja halimo. Kazi ya kuyatia majina waliachiwa wajukuu, nao hawakuambiwa. Na mtoto wa Kaloleni ya Nairobi hupita mbele ya ukumbi akienda shule. Katika ukumbi huo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, mtu wa chama, aliyezaliwa Punjab na kulelewa Nairobi, alisimama akataka uhuru kamili wa nchi zetu, wakati ambapo wakubwa wengi waliogopa kulitaja neno hilo. Huyu ndiye aliyekuwa katibu wa chama kilichogoma Nairobi mwaka 1937 kwa siku 62. Wiki tatu baada ya mkutano ule wa Kaloleni alikamatwa pamoja na Fred Kubai, naye Makhan Singh hakufunguliwa mpaka mwezi wa Oktoba 1961. Miaka kumi na moja na zaidi. Mwalimu wa shule ya jirani anaweza kuwapeleka watoto pale kwa miguu, bila basi, bila kuomba mzazi shilingi hata moja.

Hapa twafika mahali pagumu, na hatutaki kupapita kwa kunyata.

Katika nchi yetu swali la "kwenu ni wapi?" lina sumu. Mwaka 2007 na 2008, baada ya uchaguzi, watu zaidi ya 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, na wengi waliulizwa swali hilo hilo kabla ya panga kuinuliwa. Watoto wa wakati ule ni wazazi wa leo. Kwa hiyo mama mmoja anapokataa kumwandikia mtoto jina la babu yake na kijiji alikotoka, msiseme ni mjinga. Anayo sababu, na amewahi kuona jina likiua.

Ndiyo maana hatukubali kwamba mti wa ukoo uwe somo la kabila. Mwalimu anayewapanga watoto darasani, hawa wa huku na hawa wa kule, wenyeji na wageni, amefundisha kitu kingine, wala si historia. Mfikirie mtoto aliyezaliwa katika kambi ya majani chai huko Kericho. Baba yake alizaliwa kambi hiyo hiyo. Babu yake alikuja kuchuma akiwa kijana, kutoka mbali. Akiulizwa kwao ni wapi, mtoto hutaja kijiji ambacho hajalala usiku hata mmoja, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kujibu. Je, miaka yote ya watu watatu kuinamia majani chai pale haikuacha alama yo yote? Sisi twaona mtoto huyu ana makwao mawili, na la pili lilipatikana kwa kazi. Mti wa ukoo wa mfanya kazi una mizizi ya namna hiyo, na ukiuchora vizuri utakuta mizizi ya Mluo, Mkamba, Mkisii, Mhindi na Mtaita imepitana chini ya ardhi moja, kwa sababu walikaa katika nyumba za safu moja, wakateka maji katika mfereji mmoja, na wakati wa mgomo walikula katika sufuria moja. Hakuna somo la amani linaloweza kumshinda mtoto anayejua kwamba mzee wa kabila lingine ndiye aliyemficha babu yake.

Kuna na nyumba zenye kimya. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliuzingira mji wa Nairobi, ikawakamata watu kwa makumi ya maelfu, na zaidi ya 20,000 wakapelekwa kuzuiliwa Langata, Mackinnon Road na Manyani. Wengi walikuwa wafanya kazi, na vyama vyetu vilipoteza viongozi siku ile. Waliorudi hawakusema. Wengine walinyamaza kwa sababu ya maumivu, na wengine kwa sababu ndugu wa baba mmoja alikuwa Manyani na wa pili alikuwa Homugadi, na wote wawili walirudi kukaa shamba moja. Nusu karne ilipita. Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba watu waliteswa, ikakubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, na wajukuu wengi walisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza sababu ya babu kutoweza kunyosha mkono. Hatusemi kila jambo la nyumbani lipelekwe shuleni. Mzee ana haki ya kunyamaza. Lakini mtoto asidanganywe. Afadhali mzazi aseme, "Babu alikuwa kizuizini, hapendi kulizungumza," kuliko kumtungia kazi ya udereva ambayo hakuifanya.

Na kuna kimya cha namna nyingine, cha nyumba ambayo baba hayumo. Katika matawi yetu wako akina mama wengi wanaolea peke yao, na wako nyanya wanaolea wajukuu kwa akiba ya uzeeni. Ile picha ya kitabuni, yenye baba kulia na mama kushoto na wazee wanne juu yao kama vifungo vya koti, humfanya mtoto wa nyumba kama hizo aone sanduku tupu kwenye karatasi yake, na watoto wenziwe waone. Twawaomba walimu waliache sanduku hilo. Wala picha ile si ya kwetu. Kwetu ndugu ya baba ni baba, mkubwa au mdogo. Dada ya mama ni mama. Mjomba ana amri ambayo baba hana. Na shangazi akiingia mlangoni hata babu hunyamaza. Mwambieni mtoto amchore aliyemlea. Kama ni mama mdogo aliyemlipia karo kwa mshahara wa kufua nguo za watu, achorwe katikati, awe mkubwa kuliko wote. Mwalimu akiuliza, mtoto atajibu: huyu ndiye.

Mzazi atasema, mimi mwenyewe sijui tarehe. Mama alizaliwa lini, hakuna cheti. Hili lisiwazuie. Wazee hawakuhesabu kwa kalenda ya ukutani, walihesabu kwa mambo. Mkalenjin ataulizwa ibinda lake, kama ni Chumo au Sawe au Kaplelach, na mtajua umri wake kwa kadiri. Wengine watasema alizaliwa mwaka wa mafuriko, na mafuriko makubwa yalikuwa mwaka 1961. Alianza kazi mwaka aliokufa Mzee Kenyatta, huo ni 1978. Aliolewa kabla kidogo ya njaa ya 1984. Mtoto akiyaandika hayo kwa mfuatano amekwisha kutengeneza historia, na ameifanya kama wanavyoifanya wenye elimu kubwa, kwa kumwuliza shahidi na kulinganisha. Simu nazo zipo. Jumapili moja ya kumpigia nyanya, mtoto aulize mwenyewe, simu inase sauti, itakuwa na faida kuliko karatasi 20 za kuchapwa. Kisha msikilize mtoto anavyouliza. Mkubwa huuliza, "Mlipata shida?" Mtoto huuliza, "Mlikula nini? Viatu mlikuwa navyo?" Na nyanya aliyekataa kwa miaka 30 kumjibu mwanawe humjibu mjukuu.

Twajua tatizo ni saa. Mlinzi anayeingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi humwona mtoto wake amelala, akirudi amekwenda shule. Ukimwambia akae na mtoto kuchora ukoo, huo ni mzaha. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba jambo hili ni la mwalimu na mzazi peke yao. Tunapokaa mezani na matajiri kudai zamu za haki na siku ya mapumziko isiyoguswa, tuliweke na hili katika hoja zetu. Tumezoea kusema mfanya kazi anataka kupumzika. Anataka pia kuwaambia watoto wake walikotoka, na kazi hiyo hamna mwingine wa kumfanyia.

Halmashauri imezungumza juu ya haya na yako mambo ambayo tutajaribu. Wazee wetu waliostaafu wataulizwa ni nani kati yao yu tayari kwenda shule ya jirani, akialikwa na mwalimu mkuu, kukaa na watoto nusu saa na kueleza kazi aliyoifanya, iwe ni kuwasha moto wa garimoshi, au kushona magunia, au kukata mkonge. Asiende kutoa hotuba ya siasa. Achukue chombo chake cha kazi, watoto wakishike. Walimu wanaotaka kuwapeleka watoto mahali waanze na Jumba la Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971, na wale wakubwa kidogo wapelekwe Hifadhi ya Nyaraka za Taifa kule Moi Avenue, waone kwamba karatasi kuukuu hutunzwa na serikali katika jengo kubwa. Nasi tutaiandikia Taasisi ya Ukuzaji Mitaala kuomba kwamba katika habari za kila kaunti iingizwe habari ya kazi yake kubwa na watu walioifanya, bandari kwa Mombasa, majani chai kwa Kericho, mkonge kwa Taita Taveta, reli kwa kila kaunti ilikopita. Barua moja haitoshi, twajua. Matawi nayo yaandike, kwa lugha yo yote mnayoiweza.

Tena twataka karatasi zenu. Kipande cha zamani, kadi ya chama yenye stempu za michango, kadi ya NSSF ya miaka ya kwanza, barua ya kuajiriwa, picha ya watu wa zamu moja wamesimama mbele ya karakana. Msichome wala msifungie sukari. Leteni kwa katibu wa tawi siku za Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi, na njooni na mtoto kama anaweza kutembea. Jina la kila mtu aliyemo katika picha litaandikwa nyuma kwa penseli, na asiyejulikana ataandikiwa kwamba hajulikani, ili mwingine akimtambua aseme. Karatasi zitanakiliwa mbele yenu na kurudishwa siku ile ile.